Je, wajua kwa nini programu ya lugha hukurudishia neno ulilokwisha kulijua?

Mdogo wangu anatafuta kazi kwenye ofisi za mizigo za Tunduma. Madereva wanaotoka Lubumbashi, kule Kongo, tunaelewana nao vizuri, maana wanazungumza Kiswahili chenye ladha ya kwao. Shida ni makaratasi: mengi yameandikwa Kifaransa. Basi tangu mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ilipoanza kuuma, kila jioni tunasogeza jiko la mkaa sebuleni, naye anafungua simu ajifunze.

Wiki ya pili akanijia amekasirika. "Kaka, hiki kidude kinanirudisha nyuma. Neno *camion*, lori, nimelipatia mara tatu. Leo linaulizwa tena!"

Swali lake linastahili jibu refu, kwa sababu hapo ndipo ulipo ufundi wote wa programu hizi. Kidude hakijasahau kwamba analijua neno. Kinakisia kwamba yeye ndiye anayekaribia kulisahau.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zaidi ya 2,000 zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa mafungu, akaacha muda upite, kisha akazikariri upya na kupima ameokoa kazi kiasi gani kuliko mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 aliokoa kama asilimia 58. Baada ya siku moja, kama 34. Baada ya siku 31, kama 21. Ukizitazama tarakimu hizo utaona kitu kinachofanana na safari ya kutoka Tukuyu kwenda Kyela: mwanzoni mteremko mkali, halafu tambarare. Sehemu kubwa ya tunachojifunza inatutoka siku ile ile ya kwanza.

Lakini ukilikumbuka neno kabla halijakuponyoka, mteremko unaofuata huwa mpole zaidi. Ndiyo maana programu huanza kwa kuuliza kesho, halafu baada ya siku chache, halafu wiki, halafu mwezi. Programu nzuri huweka hesabu ya kila neno peke yake: umelipatia mara ngapi, umelikosea mara ngapi, na tangu ulipoliona siku ngapi zimepita. Mdogo wangu alidhani anacheleweshwa, kumbe neno lilikuwa linapangiwa siku yake.

Na kwa nini aulizwe, badala ya kuonyeshwa tu neno alisome tena? Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine wakatakiwa kuandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Ile sekunde ya kukuna kichwa, ambayo wengi wetu tunaiona kama dalili ya kushindwa, ndiyo inayolikaza neno.

Haya yote hayahitaji bando. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza njia ya kadi na boksi. Kata manila vipande vidogo, neno upande mmoja, maana upande wa pili. Gawa boksi la viatu vyumba vitano. Chumba cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kwa nafasi zaidi, na kuendelea hivyo hivyo. Ukipatia, kadi inasogea chumba cha mbele. Ukikosea, inarudi cha kwanza. Kwa mtu wa kijijini Makete ambaye mtandao unamsumbua, namshauri kwa moyo wote aanze na boksi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo simu na boksi havikumsaidia mdogo wangu: sikio. Kifaransa kina *roue*, gurudumu, na *rue*, barabara ya mtaani. Yeye alisikia neno moja tu. Mtoto mchanga huzaliwa na sikio pana. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane wanaolelewa kwa Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi zisizokuwamo katika Kiingereza. Kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili wengi hawakuweza tena. Sikio limeshajifunza lugha ya nyumbani na kupuuza mengine. Sisi wenye vokali tano za Kiswahili, ile *u* ya *rue* tunaitupa kwenye kapu la "u" yetu.

Kuitoa kinywani kuna ujanja wake. Sema "i", ulimi ubaki hapo hapo, kisha viringa midomo kama unayetaka kupiga mluzi. Mazoezi mengi ya simu ni ya kuchagua jibu kwa kidole, na kidole hakina midomo, kwa hiyo nilimwambia aseme kwa sauti hata kama majirani watasikia.

Jumapili alimpigia bibi yetu wa Tukuyu, akamsimulia habari ya sauti mbili zinazofanana. Bibi akamwambia hilo si geni: Kinyakyusa kina vokali saba, zikiwamo "u" mbili ambazo sisi tuliokulia mjini tunazichanganya kila tunapofungua mdomo. Akamtajia maneno, akamrudisha, akamrudisha tena. Sasa boksi lina safu mbili za kadi. Za Kifaransa anasikiliza matamshi kwenye simu. Za Kinyakyusa, ambazo programu yake haina, anasubiri Jumapili.