Asteroidi yenye mkia si lazima iwe nyotamkia

Wengi wetu tulifundishwa kwamba asteroidi ni mawe makavu yasiyotoa chochote, na kwamba nyotamkia peke yake ndiyo yenye barafu na mkia. Mpaka huo ulitikisika mwaka 1996, Eric Elst na Guido Pizarro walipoona mkia nyuma ya kitu ambacho tangu 1979 kilihesabiwa kuwa asteroidi ya kawaida ya ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Mkia huo ulionekana tena mwaka 2002 na 2007, kila mara kitu hicho kilipopita karibu zaidi na Jua, na marudio hayo ni dalili nzito ya barafu iliyofichika chini ya uso, inayogeuka mvuke ikipata joto.

Hapo ndipo dhana ya pili inapozaliwa, kwamba kila asteroidi yenye mkia ina barafu. Sivyo. Scheila, yenye upana unaozidi kilomita 100, ilitoa wingu la vumbi mwishoni mwa 2010 kwa sababu iligongwa na jiwe dogo, ilhali Gault hujizungusha kwa chini ya saa 3, kasi inayotosha kurusha vumbi lake angani. Mkia wa Dimorphos, asteroidi ndogo inayozunguka asteroidi nyingine, ulisababishwa na binadamu: chombo cha DART cha shirika la anga la Marekani, NASA, kiliigonga makusudi tarehe 26 Septemba 2022.

Asteroidi Phaethon ndiyo inayopotosha zaidi, na kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi. Vimondo vya Jeminidi tunavyoviona kila Desemba ni chembe zilizotoka kwake, hivyo ilikuwa rahisi kuamini kwamba mkia wake mfupi ni vumbi. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2023, uliotumia picha za SOHO, chombo cha angani kinachochunguza Jua, ulionyesha kuwa mkia huo ni gesi ya sodiamu inayofukuzwa na joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi. Kwa hiyo chembe za Jeminidi zilitoka kwa njia nyingine, zamani.

Hata palipo na maji, tusikimbilie kusema kitu hicho kimetoka mbali na Jua, kwenye baridi. Mwaka huohuo wa 2023, darubini ya James Webb ilithibitisha mvuke wa maji kwenye nyotamkia 238P/Read, iliyo ndani ya ukanda wa asteroidi, lakini haikupata kaboni dioksidi ambayo nyotamkia huwa nayo kwa kawaida: ama iliipoteza kwa joto la muda mrefu, ama iliumbika mahali palipokuwa na joto tangu mwanzo.