Jinzi haikuzaliwa kwenye hema la mchimba dhahabu

Hadithi inayosimuliwa kuhusu chanzo cha jinzi ni tamu: Levi Strauss anafika California mwaka 1853 na shehena ya turubai za mahema, wanunuzi hakuna, basi anazikata suruali na kuwauzia wachimba dhahabu. Kwamba alifika San Francisco mwaka huo, sawa. Ila Strauss alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa nguo na vitambaa, si mshonaji.

Fundi hasa ni Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, aliyekuwa akishona mjini Reno, Nevada. Mwishoni mwa 1870 alijiwa na mke wa mkata kuni aliyetaka suruali ya mumewe isiyochanika hovyo. Davis alikuwa akishona pia blanketi za farasi, na ribiti za shaba, vile vipini vifupi vya chuma vya kubana, za kufungia kanda zake alikuwa nazo karibu. Akazigonga kwenye pembe za mifuko, pale pale panapofumuka mtu akizoea kutumbukiza mikono na vyuma. Ikashika, na wateja wakaongezeka. Ndipo akamwandikia Strauss, ambaye vitambaa alivinunua kwake, washirikiane gharama za hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu huo. Ilitolewa Mei 20, 1873, mbio za dhahabu zikiwa zimepoa zamani. Turubai nayo isitupwe kabisa: suruali ile ya kwanza ilikuwa ya pamba nzito nyeupe kama turubai, si ya buluu.

Kitambaa chenyewe cha jinzi hawakukibuni hao wawili. Wafanyakazi wa Marekani walikuwa wakikivaa kabla yao, na jina "jinzi" huhusishwa na Genoa, mji wa bandari wa Italia.

Wengine husema jinzi inayochuja ni feki. Kunja pindo uangalie ndani: weupe ule ni mshindio, uzi wa kukingama usiotiwa rangi. Nili, ile rangi ya buluu, imepakwa kwenye mtande tu, yaani nyuzi za urefu, tena haizami hadi kiini cha uzi. Hukaa juujuu, ikisuguliwa hubanduka. Ndiyo maana magoti na mapaja hutangulia kupauka. Ungeniuliza, ningehofia zaidi ile isiyochuja kabisa.

Kile kimfuko kidogo cha mbele? Si cha sarafu. Kilikuwa cha saa ya mnyororo.

Na ribiti za mifuko ya nyuma hazikuondolewa kwa ubahili. Zilikuwa zikikwaruza viti na matandiko ya farasi, na mwaka 1937 zikafunikwa kwa kitambaa, kabla ya kuondolewa kabisa baadaye.