Shogun hakuwa bingwa wa upanga: dhana potofu kuhusu majemadari wa Japani

Dhana: Cheo cha shogun kilianzishwa na samurai.

Kiliwatangulia. Serikali ya Tenno, mfalme mkuu wa Japani, ilikuwa ikiteua majemadari tangu karne ya 8, kila mmoja kwa vita vyake, na vita vikiisha cheo nacho kimekwisha. Jemadari alikabidhiwa upanga uitwao setto, ishara kwamba anaamuru kwa niaba ya Tenno. Sheria haikumpa nafasi ya kuaga: akishaupokea, haruhusiwi kurudi kulala kwake. Sakanoue no Tamuramaro, aliyeteuliwa seii taishogun (jemadari mkuu wa kuwashinda washenzi) mwaka 797 ili awapige Waemishi wa kaskazini, aliupokea upanga huo mwezi wa pili wa 801 na mwezi wa kumi akaurudisha. Mwaka uliofuata kiongozi wa Waemishi, Aterui, alijisalimisha. Tamuramaro akamwombea asiuawe, wakuu wa ikulu wakakataa, Aterui akauawa. Hayo ndiyo madaraka ya jemadari mkuu wa enzi hizo: hata mateka wake mwenyewe hakuweza kumwokoa.

Dhana: Minamoto no Yoritomo, mkuu wa ukoo wa wapiganaji wa Minamoto, alijitangaza shogun.

Aliomba, akapewa, mwaka 1192. Nguvu alikuwa nazo zamani. Tangu 1180 alikuwa na samurai-dokoro, ofisi ya kusimamia wapiganaji wake, chini ya Wada Yoshimori, na ukoo hasimu wa Taira ulishasambaratishwa katika vita vya baharini vya Dan-no-ura mwaka 1185. Kinachonifurahisha ni jinsi ikulu ilivyochagua jina la cheo. Seito taishogun (jemadari mkuu wa kushinda mashariki) lilionekana lina nuksi, kwa kuwa Yoshinaka, binamu wa Yoritomo, aliyelipewa mwaka 1184 aliuawa muda mfupi baadaye. Seii likapita kwa sababu Tamuramaro alilibeba akafanikiwa.

Dhana: Mwenye cheo ndiye mtawala.

Si lazima. Mwaka 1219 Kujo Yoritsune, mtoto wa ukoo wa ikulu, alipelekwa Kamakura, makao ya serikali ya shogun, akiwa hajatimiza miaka miwili, na 1226 akawa shogun akiwa na miaka minane hivi. Unadhani nani alitawala? Ukoo wa Hojo, kwa cheo cha shikken (mtawala kwa niaba ya shogun), kilichosikika kama kazi ya msaidizi tu.

Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi, wababe wa vita wa karne ya 16, ambao wengi huwaita shogun bila kufikiri, hawakuwahi kuwa na cheo hicho. Hideyoshi alitawala kama kampaku (mshauri mkuu wa Tenno) kuanzia 1585, cheo cha ikulu ambacho kwa karne nyingi kilikuwa cha ukoo wa Fujiwara.