Dawa ya virusi si chanjo

"Dawa ya korona ilipatikana Desemba 2020." Kauli hii bado naisikia, na kila ninayemuuliza anamaanisha chanjo. Tuvitenganishe.

Chanjo hupewa mtu kabla hajaugua, ili kinga ya mwili ijifunze kukitambua kirusi mapema. Dawa ya virusi hupewa aliyekwisha kuambukizwa, ili kirusi kisizidi kuzaliana mwilini mwake. Antibiotiki haimo kabisa katika mazungumzo haya. Hiyo ni ya bakteria.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), 2018 hadi 2020, ulionyesha tofauti hii waziwazi. Waliokutana na wagonjwa walichanjwa. Waliokwisha kuugua, katika vituo vya Beni na Butembo, walipewa matibabu mengine kabisa: dawa nne zilikuwa zikilinganishwa kwenye jaribio lililoitwa PALM. Mbili za kingamwili, yaani protini za kinga zinazokishika kirusi, ziliokoa watu wengi zaidi, na Agosti 2019 remdesivir, mojawapo ya hizo nne, ikaondolewa.

Ni remdesivir hiyohiyo iliyokuja kujaribiwa kwa UVIKO-19. Kirusi kinaponakili jeni zake, dawa hii hujichomeka ndani ya nakala kana kwamba ni kiungo halali, na unakili unakwama. Marekani iliiidhinisha Oktoba 2020, kabla ya chanjo yoyote ya korona kuruhusiwa huko. Haikuwa mwarobaini, lakini dawa ilikuwapo. Mwishoni mwa 2021 vikaja vidonge vya Paxlovid, ambavyo hukizuia kimeng'enya kinachokata protini ndefu ya kirusi vipande vipande. Vidonge hivyo huanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zitokee, kwa sababu dawa ya virusi huzuia nakala mpya tu. Madhara yaliyokwisha kutokea haiyarudishi nyuma.

Wala kupata kimoja si kupata kingine. VVU vina ARV, dawa za virusi zinazowaweka hai mamilioni ya watu, na mpaka leo havina chanjo. Surua ina chanjo tangu 1963, lakini haina dawa mahususi ya kukishambulia kirusi chake. Ni kazi mbili za utafiti, kila moja na fedha zake na miaka yake.

Kwa hiyo mwenye homa tayari akiomba achanjwe korona ili apone, mweleze taratibu: kwa homa hii aende akapimwe leo, na chanjo aiulizie akishapata nafuu.