Mbu Hazoei Dawa
Kuanzia Kisauni hadi Likoni, huku Mombasa, utawasikia watu wakilalamika kwamba mbu wa siku hizi wameizoea dawa, kana kwamba mbu mmoja, akipuliziwa mara kwa mara, mwili wake hujifunza kuistahimili. Sivyo. Hata kabla dawa haijapuliziwa, miongoni mwa mbu wanaozaliana kwenye maji yaliyotuama huwamo wachache ambao, kwa tofauti ndogo ya jeni waliyozaliwa nayo, sumu ya pairethroidi, iliyomo katika dawa nyingi za mbu, haiishiki barabara mishipa yao ya fahamu. Wenzao wanapokufa, hao hubaki, hutaga mayai na kukirithisha kizazi chao tofauti hiyo. Kwa kuwa kizazi kimoja huchukua wiki chache tu, walio sugu huongezeka upesi. Kinachobadilika ni jamii nzima, wala si mbu mmoja mmoja, na hayo ndiyo mageuzi ya viumbe yenyewe, yanayotendeka hivi sasa.

Vimelea vya malaria navyo viliishinda dawa ya klorokwini kwa njia hiyohiyo, hata Kenya ikaiacha kama tiba ya kwanza mwaka 1998. Kuendelea na sumu ileile moja huzidi kuwachuja walio sugu, ndiyo maana baadhi ya vyandarua vipya hutiwa sumu mbili tofauti.