Tiketi ya kwenda amSTERdam: dhana potofu kuhusu mkazo na kiimbo cha Kiholanzi

Mswahili mgeni Uholanzi akiomba tiketi ya "amSTERdam" atapewa, hakuna atakayemkatalia. Ila mwenyeji hutamka amsterDAM, rotterDAM, uzito wote mwishoni. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunasafiri nayo hadi kwenye lugha za watu. (Herufi kubwa humu zinaonyesha mkazo ulipo.)

Dhana: Ukishajua kanuni moja ya mkazo, umemaliza.

Kiswahili kimetudekeza. Sema kiTAbu, ongeza -ni, upate kitaBUni. Mkazo umehama wenyewe bila kuulizwa. Kiholanzi hakina mahali pamoja. Katika majina ya miji, Utrecht hukazwa mwanzo, Maastricht hukazwa mwisho. Neno likirefushwa, mara nyingi mkazo haubanduki: WERken, WERkelijk, WERkelijkheid. Mswahili atasema werkeLIJKheid, akaipa -lijk heshima isiyostahili, maana kinywani mwa mwenyeji irabu yake imemezwa na kubaki pumzi tu. Hata hilo usilifanye msahafu: AFschuw, yaani chukizo, huzaa afSCHUwelijk. Kila neno jipya lijifunze na mkazo wake, kama unavyolijifunza na "de" au "het" yake, vile vineno vinavyotangulia nomino.

Dhana: Mkazo ni pambo. Ukikosea utaeleweka tu.

Mara nyingi utaeleweka, kweli. Lakini VOORkomen ni kutokea, na voorKOmen ni kuzuia. Fikiria mazungumzo na daktari ambapo hujui kama ugonjwa unatokea au unazuilika! Kuna ONdergaan, la jua kuzama, na onderGAAN, la kufanyiwa jambo, kama upasuaji.

Tena hapa mkazo unaingia hadi kwenye sarufi. Ukikaa kwenye kiambishi cha mwanzo, kitenzi hukatika vipande viwili: *de zon ging onder*, jua likazama. Ukikaa kwenye shina, hakikatiki: *hij onderging een operatie*, alifanyiwa upasuaji. Kwa hiyo anayesikia mkazo vizuri amekwisha kujua jinsi ya kukinyambua kitenzi, hata kama hajafungua kitabu. Sijaona darasani kitu kinachopuuzwa kama hiki.

Wala tusijifanye wageni wa jambo lenyewe. "Barabara hii imejengwa barabara": ya kwanza baraBAra, ya pili baRAbara. Sikio tunalo, tumezoea tu kulitumia kwa nadra.

Waholanzi wao hulitumia kutwa. Mtafiti wa lugha Anne Cutler na wenzake, waliokuwa katika mji wa Nijmegen, waliwasikilizisha watu kipande "octo-" peke yake. Kikikazwa mwanzo, wasikilizaji walielekea kwenye OCtopus, yaani pweza. Kikikazwa silabi ya pili, kwenye okTOber, yaani Oktoba. Utafiti mwingine wa Cutler, uliochapishwa 2002, uliwapa Waholanzi vipande vya maneno ya Kiingereza wakisie vimetoka neno gani, nao wakawashinda wazawa wa lugha hiyo wenyewe. Kiingereza hufifisha sana irabu zisizo na mkazo, hivyo sikio la Mwingereza hutegemea irabu. Kiholanzi huziacha nyingi zikiwa nzima, na msikilizaji hulazimika kuupima mkazo wenyewe.

Dhana: 14 na 40 hutofautishwa kwa mkazo.

Hayo ni ya Kiingereza. VEERtien na VEERtig zote hukazwa mwanzo. Sikiliza mkia: -tien ni "tin", -tig ni kama "tekh", yenye kh ya "kheri".

Dhana: "Jij" na "je", yaani "wewe", ni kitu kimoja.

Maana ni moja, uzito sio. *Kom je morgen?* ni "Unakuja kesho?" *Kom jij morgen?* ni "Wewe, unakuja kesho?" Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia kila mtu jij, kwa kuwa ndivyo jedwali la kitabu lilivyoandika, mpaka mwenzangu kazini akaniuliza kwa upole kama nina ugomvi naye. Ndivyo ilivyo pia kwa wij na we (sisi), zij na ze (wao, au yeye wa kike). Sisi msisitizo huujenga kwa maneno, "ni mimi niliyepika". Mholanzi hupandisha sauti kwenye neno moja tu: *IK heb gekookt*.

Dhana: Kiholanzi ni lugha bapa, isipokuwa maswali, ambayo hupanda.

Bapa hapana. Watafiti 't Hart, Collier na Cohen, waliofanya kazi Eindhoven, walieleza umbo moja waliloliita kofia: sauti hupanda kwenye silabi yenye mkazo ya neno muhimu, hubaki juu, kisha huporomoka kwenye neno muhimu la mwisho. Ukiichora unapata pama. Mkazo wa neno ukiuweka pabaya, basi na pama lako limekaa upande.

Ama maswali, *Waar woon je?*, yaani "Unaishi wapi?", linaweza kushuka mwishoni wala si ukali. Kinachohitaji kupanda kweli ni swali lenye umbo la taarifa, *Hij is er al?*, sawa na "Amefika?" yetu, ambayo bila kiimbo ni habari tu.

Dhana: Mkazo hauandikwi, na wenyeji hawabishani kuhusu mkazo.

Huandikwa panapohitajika, kwa alama juu ya irabu: *één* ni moja, *een* ni kitu chochote kimoja, na anayeogopa kusomwa vibaya huandika *vóórkomen*. Kuhusu ubishi, taja kumbukumbu za mkutano mbele ya Waholanzi wawili: mmoja atasema NOtulen, mwingine noTUlen.

Dhana: Toni, yaani sauti kupanda au kushuka na kubadili maana ya neno, ni mambo ya Wachina na Wayoruba.

Nenda Limburg, kusini-mashariki mwa Uholanzi. Katika lahaja ya Roermond neno *knien* ni sungura mmoja au sungura wengi, sauti zote ni zilezile, na kinachoamua ni jinsi kiimbo kinavyokwenda ndani ya silabi hiyo moja. Mtu wa Amsterdam akilisikia hana lake. Hapo yeye na sisi tuko darasa moja.