Kiyama si maangamizi

Hapa Goma, Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ikitajwa tu, lazima mtu atasema: "Ile ilikuwa kiyama." Juma lililopita nimelisikia tena kwenye shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya sala. Mama mmoja aliomba Mungu atuepushe na kiyama, sote tukaitikia amina. Nami niliitikia, lakini usiku sikupata usingizi. Muda mfupi kabla, tulipoanza rozari, tulikuwa tumesema kwa sauti moja kwamba tunasadiki ufufuko wa miili. Tulimwomba Mungu atuepushe na kile kile tunachokisadiki.

Kwa maana kiyama ndiyo ufufuko: wafu kuinuka. Kwa kuwa siku hiyo ni ya hukumu pia, watu wameshika hofu, neno lenyewe wakaliacha.

Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kusimama. Ndugu zake tunao mdomoni kila siku. Kaimu ni anayesimama mahali pa mwingine, na makamu vilevile. Hata kaumu, yaani kundi la watu, imetoka mzizi huo huo. Kiaramu, lugha aliyosema Yesu, ni jamaa ya Kiarabu, na humo mzizi ni ule ule. Fungua Marko 5:41, alipomshika mkono binti wa Yairo: "Talitha, kumi." Watoto wa katekisimu hudhani ni hesabu. Kumi hiyo ni "inuka", nayo ni ndugu ya kiyama yetu. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinasema anastasis: kusimama tena. Lugha zote hizo, na hakuna hata moja yenye moto au kubomoka ndani yake.

Na soma mbele kidogo, aya ya 43. Binti ameinuka, watu wameduwaa, Yesu anaagiza apewe chakula. Aliyeinuliwa ana njaa, na wa kumpikia ni wale waliomzunguka.

Paulo naye hivyo hivyo. Sura ya 15 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, yenye aya 58, karibu yote ni ufufuko. Aya inayofuata, 16:1, ni changizo kwa ajili ya watakatifu. Kugawa sura kulikuja karne nyingi baadaye. Paulo alitoka kwenye habari za kaburi akaingia kwenye mfuko wa maskini bila kuvuta pumzi. Kwa hiyo anayesema ufufuko ni jambo la siku ya mwisho tu, kila mtu na roho yake, ameifunga barua mapema mno.

Mama yangu wa shirika, nakusemesha kwa heshima. Usiku ule wa 22 Mei 2021, tulipokimbia wengine Sake, wengine Gisenyi, watoto mgongoni na anga jekundu nyuma yetu, lilikuwa balaa. Liite balaa. Lakini jirani yako aliporudi Buhene akakuta makoro, yale mawe ya volkano, meusi yanafuka moshi pale nyumba yake iliposimama, ulimpa chumba cha mbele, ukamwekea bugali na sombe, ukamwambia akae mpaka atakapojenga. Nilikuwepo, niliona alivyonyanyuka pale chini alipoketi. Kiyama inafanana na pale.

Juma lijalo ukiongoza sala, omba Mungu atuepushe na moto wa mlima. Kiyama omba ije.